Injini Inayolala Upande

Selestina Mkude alikuwa mkunga wa zahanati moja upande wa Chanzuru kwa miaka thelathini na minne, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hajui anachotaka. Akisema "sukuma," mtu alisukuma. Akisema "tulia," hata waume waliokuwa wakizungukazunguka nje walitulia. Ndiyo maana alipostaafu na kuanza kushughulika na mafundi wa magari, alishangaa kugundua kwamba wapo watu wanaoweza kukutazama machoni, wakaitikia "sawa mama" mara tatu, kisha wakaenda kufanya kitu kingine kabisa.

Gari lenyewe lilikuwa Pijo 404 la mwaka 1966, rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, lenye taa za nyuma zilizochongoka kama masikio ya paka na gia ya kwenye usukani. Alilinunua kwa kiinua mgongo chake katika shamba la zamani la mkonge karibu na Kimamba, wakati wenyewe wakisafisha maghala. Lilikuwa limekaa miaka kumi na tisa chini ya mafungu ya kamba, na pengine kamba ndizo zilizolihifadhi. Watu walimshauri anunue bodaboda awape vijana, au mashine ya kukoboa mpunga. Mumewe Alfred, mstaafu wa reli, hakumshauri chochote. Alilizunguka mara moja, akalipiga tairi teke, akarudi kwenye redio yake.

Selestina alikuwa na sababu yake. Yeye mwenyewe aliolewa mwaka 1983, mafuta yakiwa hayapatikani hata ya kuwashia koroboi, akapelekwa kanisani juu ya trela la trekta akiwa amekalia gunia, gauni limekunjwa mapajani lisiguse grisi. Hakulalamika siku ile. Lakini aliweka moyoni kwamba msichana anastahili kushuka kwenye gari, mlango ukafunguliwa na mtu mwingine, watu wakashangilia. Kwa hiyo Pijo likawa gari la maharusi. Aliliendesha mwenyewe, akiwa amevaa sare yake ya kitenge cha bluu na glovu nyeupe, na kwa kuwa maharusi wengi wa Kilosa alikuwa amewapokea kwa mikono yake wakiwa na dakika moja duniani, walimwita Mama Mkunga, na gari likaitwa Pijo la Mama Mkunga.

Kwa miaka minne mambo yalikwenda vizuri, maana harusi nyingi zilikuwa za tambarare: Kimamba, Chanzuru, Kilosa mjini. Injini ile ya zamani ilikuwa imechoka, ikivuta kwa kujikongoja, lakini bibi harusi hana haraka. Tatizo lilikuwa milima.

Mwezi wa Agosti, mwaka juzi, aliajiriwa kumchukua Lightness, binti wa Malolo, kumpeleka kanisani Mikumi. Kushuka mlima wa Iyovi asubuhi kwenda kumchukua hakukuwa na shida. Kurudi, gari likiwa na bibi harusi, mpambe, shangazi na gauni lenye mkia wa mita tatu, lilianza kupumua vibaya kwenye kona ya kwanza. Kwenye kona ya tatu mvuke ulipanda mbele ya kioo kama sufuria ya makande. Selestina aliegesha pembeni. Malori yalipita yakipiga honi. Wakasubiri injini ipoe, wakaongeza maji, wakawasha, wakaenda mita mia mbili, likachemsha tena.

Saa ya ibada ikafika. Saa ya ibada ikapita. Mwishowe Fuso lililobeba vitunguu kwenda Dar es Salaam lilisimama, na Lightness akapandishwa kwenye kabini kwa kusukumwa na watu wawili huku mkia wa gauni ukiwa umefungwa kwenye mfuko wa plastiki wa rambo. Mpambe alirekodi yote kwa simu. Jioni ile video ilikuwa imefika Morogoro.

Kabla ya kupanda nyuma ya Fuso, shangazi yake Lightness alimgeukia Selestina. Hakupaza sauti.

"Mama Mkunga, gari lako ni zuri kama picha. Lakini picha haipandi mlima."

Selestina alirudi na maneno hayo. Nyumbani alimsimulia Alfred, naye Alfred akapunguza sauti ya redio, jambo lililoonyesha kwamba alikuwa amesikiliza.

"Liuze," akasema.

"Siliuzi. Naliwekea nguvu."

"Basi weka injini nyingine."

"Nataka lipande mlima, na nataka mtu akilitazama asione tofauti hata ya msumari mmoja. Anayekodi gari hili anakodi sura yake. Nikiliharibu sura, nimebaki na nini?"

Alfred aliongeza sauti ya redio.

Fundi wa kwanza alikuwa Innocent, kijana wa Mikumi mwenye gereji kubwa kando ya barabara kuu, mchangamfu, mwenye simu mbili. Alifungua boneti akacheka kidogo.

"Shikamoo mama. Hii injini ni ya makumbusho. Nakuwekea ya Toyota, hutanisahau maisha yako."

"Marahaba. Weka unayoona inafaa," Selestina alisema. "Lakini sikiliza vizuri, mwanangu. Nje kisiguswe kitu. Boneti, taa, bampa, dashibodi, vyote vibaki vilevile. Umenielewa?"

"Sawa mama."

"Sema tena nilichosema."

"Nje kisiguswe, mama. Sawa mama."

Zikapita wiki sita. Kila alipopiga simu, Innocent alisema wamebakiza kidogo tu. Mara sahani ya kuunganisha injini ya Toyota na gia boksi ya Pijo ilikuwa inachongwa. Mara shafti ya kupeleka nguvu magurudumu ya nyuma, ambayo kwenye Pijo hufungiwa ndani ya bomba, ilikuwa imewasumbua. Wiki ya saba Selestina hakupiga simu. Alipanda basi la asubuhi la Mikumi na kutokea gereji bila taarifa.

Pijo lilikuwa nje, juani. Alilitambua kwa nyuma. Alipofika mbele, alisimama.

Katikati ya boneti palikuwa na shimo lililokatwa kwa msumeno, na juu ya shimo palikuwa pamepigwa ribiti bati jeusi lililoumuka kama andazi. Chini yake injini ya Toyota ilikuwa imesimama wima.

"Hii nini?" aliuliza.

Innocent alikuja akijifuta mikono. "Mama! Ungesema unakuja. Injini ilikuwa ndefu kidogo, boneti likagoma kufunga. Lakini tukishapiga rangi hapo, hata utalipenda. Linakuwa kama gari la mashindano."

"Nilikwambia nini siku ile?"

"Mama, nguvu umetaka wewe. Nguvu ndiyo hii."

"Nilikwambia nini?"

Selestina aliweka kiganja chake juu ya ukingo uliokatwa. Ulikuwa bado na makali. Mtoto akizaliwa vibaya kuna la kufanya, mikono yake ilikuwa ikijua. Hapa mikono haikujua chochote. Alihisi machozi yanakuja na akakasirika zaidi kwa sababu hiyo.

"Toa injini yako," alisema. "Nirudishie ya kwangu."

Hapo ndipo Innocent alipoanza kukuna kisogo. Alitazama pembeni, akamtazama mwenzake aliyekuwa chini ya lori, akatazama simu.

"Ile ya zamani, mama… wale wa vyuma chakavu walipita. Sikujua kama ungeitaka. Ilikuwa imekufa."

Selestina aliketi juu ya tairi. Hakupiga kelele. Baadaye alijilaumu kwa kutopiga kelele.

Gari lilirudi Kilosa likivutwa kwa mnyororo, tumbo likiwa tupu, na yeye nyuma ya usukani akishika breki njia nzima. Alfred alitoka barazani, akafungua boneti, akachungulia ardhi kupitia pale ilipokuwa injini.

"Angalau sasa ni jepesi," alisema.

Selestina alifunga boneti kwa kishindo.

Aliyemwelekeza kwa Bonifas alikuwa muuza spea wa Kimamba. Bonifas alikuwa mzee wa miaka sabini na mmoja aliyefanya kazi gereji ya shamba la mkonge tangu ujana hadi shamba lilipofungwa. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa kwa kelele za mitambo, na lile la kulia alilitumia pale alipotaka tu. Alikuja Kilosa kwa baiskeli, akaiegemeza ukutani, akalitazama boneti kwa muda mrefu.

"Shikamoo, Mzee Bonifas," Selestina alisema.

"Marahaba, nesi. Nani mshenzi aliyelifanyia hivi?"

Kwa mara ya kwanza tangu Agosti, Selestina alimpenda fundi.

Bonifas aliingiza mkono mahali pa injini na kuulaza upande, kiganja kikitazama nje. "Injini ya Pijo hailali hivi kwa uvivu. Wameilaza upande makusudi, ili boneti lishuke chini. Huyo wako kaleta ya kusimama. Ni kama kumlaza mtu kwenye jeneza halafu umkalishe."

"Sasa?"

"Eh?"

"Nasema, sasa tunafanyaje?" alisema kwa sauti kubwa.

"Tafuta ya 504. Nayo ni Pijo, nayo inalala upande hivihivi, ila ina lita mbili. Inaingia humu kama mguu kwenye kiatu. Ipate hiyo, nitaisuka vizuri, na hata aliyeliunda gari hili akifufuka hatajua."

Kuipata ndiko kulikomwondolea Selestina usingizi. Mtu mmoja wa Morogoro alimtumia picha ya injini safi. Bonifas aliitupia picha jicho moja, akasema ni ya Datsun. Mwingine alimsafirisha hadi Dumila kuona 504 nzima, na kweli ilikuwepo, lakini mahali pa injini kuku sita walikuwa wakiatamia. Disemba ikaisha hivyo. Maharusi walipiga simu wakaambiwa gari liko kwa fundi, na baada ya muda hawakupiga tena.

Mwezi wa pili alisikia kwamba Tindiga kuna mkulima wa mpunga aliyewahi kuvutia maji kwa injini ya Pijo. Alikwenda siku hiyohiyo. Mkulima aliitwa Timotheo, mtu wa miaka hamsini na kitu, mpole, mwenye buti la mpira mguu mmoja na ndala mguu wa pili kwa sababu ya kidonda. Akamwonyesha: injini ya 504, imefungwa juu ya fremu ya chuma juu ya kichuguu, imefunikwa turubai. Tangu aliponunua pampu ya dizeli ya Kichina hakuiwasha, kwani petroli ilikuwa ikimla.

"Nakuuliza kwa heshima, baba. Unaweza kuniachia?"

Timotheo alifikiri. "Nilisikia habari za gari lako, mama. Shikamoo tena. Binti yangu Vaileth anaolewa Oktoba, kanisa liko Mikumi. Wewe chukua injini. Siku hiyo umpeleke mwanangu na gari hilo. Tutakuwa tumemalizana."

Walipeana mikono. Kisha mvua zikaanza, barabara ya Tindiga ikakatika, na Selestina akakaa mwezi wa tatu, wa nne na nusu ya wa tano akisikiliza taarifa za mafuriko na kumpigia Timotheo simu kumuuliza kama maji yamefika kwenye kichuguu. "Bado, mama," Timotheo alijibu kila mara, kwa uvumilivu wa mtu ambaye mpunga wake wote ulikuwa chini ya maji na hakuna aliyeuulizia.

Injini ilifika mwishoni mwa Mei ikiwa juu ya guta la magurudumu matatu. Ilikuwa imekwama. Bonifas alimimina dizeli kwenye silinda zote nne na kusema wasubiri wiki mbili.

"Wiki mbili?"

"Eh?"

"Hamna."

Ikafuata miezi ambayo Selestina hapendi kuikumbuka. Kila Alhamisi alikwenda Kimamba kukaa kwenye kigoda kando ya kibanda cha Bonifas na kutazama kazi isiyoonekana kusonga. Mzee hakuwa na haraka na hakuwa na simu. Silinda hedi ilipelekwa Morogoro kuchongwa kidogo chini ili injini ibane zaidi. Ilirudi baada ya wiki tatu, ikafunguliwa kwenye gunia, ikawa hedi ya gari jingine. Ikarudishwa. Ikaja ya kwao. Bonifas akakaa nayo siku tisa akilainisha kwa msasa njia za kuingizia hewa na kutolea moshi, akipitisha kidole ndani kama anayetafuta jino la mtoto.

Hata hivyo alichofanya, alikifanya kwa namna ambayo Selestina hakuwa na la kusema. Kabureta ilikuwa ya midomo miwili, yenye nguvu kuliko ya zamani, lakini ilikaa chini ya kile kisufuria cheusi cha chujio kilekile cha mwaka 1966. Rejeta ilibaki na tangi lake la juu na la chini, lakini katikati waliweka wavu mpya mnene wa safu nne. Feni ya umeme ilifichwa nyuma ya grili na kupakwa rangi nyeusi. Hata platini za kutolea cheche aliziondoa, akaweka kifaa cha kisasa ndani ya kifuniko kilekile cha zamani.

Waligombana mara moja tu kwa kweli. Bonifas alitaka kuweka geji ya joto kwenye dashibodi, kubwa, ya kuonekana.

"Dashibodi haitobolewi," Selestina alisema.

"Nesi, wewe ulikuwa unapima joto la mgonjwa?"

"Nilipima."

"Kwa kumtazama usoni?"

"Sikumtoboa usoni ili nipime!"

Hilo alilisikia. Alinuna siku nzima. Alhamisi iliyofuata geji ilikuwa ndani ya kisanduku cha mbele cha kuwekea makaratasi. Ukitaka kujua joto, unafungua mlango wake.

Boneti lilichomelewa kipande kipya, likapigwa nyundo, likanyooshwa, likapakwa rangi. Kila mtu alisema alama haionekani. Selestina aliona. Asubuhi, jua likiwa bado chini, ulionekana mstari mwembamba kama kovu la mshono, na kila asubuhi alitoka kuutazama.

Kisha kukawa na suala la kadi. Namba ya injini iliyoandikwa kwenye kadi ya gari ilikuwa ya injini iliyokwishayeyushwa, hivyo ilibidi gari likaguliwe. Safari ya kwanza kompyuta ilikuwa haifunguki. Safari ya pili, mwenye kujua utaratibu alikuwa likizo. Safari ya tatu mkaguzi alikuja nje, akafunguliwa boneti, akainama, akatazama sana.

"Mama, umeandika hapa umebadili injini."

"Ndiyo."

"Lakini hii si ndiyo yenyewe? Kila kitu cha zamani."

Selestina alifurahi. Alitaka kumkumbatia. Furaha hiyo ilidumu mpaka mkaguzi alipofunga faili na kusema hawezi kuidhinisha badiliko ambalo halioni, arudi na barua ya fundi. Barua ya Bonifas, ambaye mara ya mwisho kuandika barua ilikuwa enzi za shamba, ilichukua wiki mbili na karatasi tano.

Mwezi wa tisa walikwenda Iyovi kulijaribu. Selestina aliendesha, Bonifas akakaa kando yake akiwa amefungua kisanduku cha geji mbele ya magoti yake. Walishuka hadi chini, wakageuza. Kwenye kona ya kwanza alisubiri gari lianze kuhema. Halikuhema. Alikanyaga, nalo likavuta, gia ya tatu, bila kelele za ziada, sauti ileile ya chini ya Pijo ila yenye mgongo. Kona ya tatu ilipita. Walifika juu na sindano ya geji ilikuwa katikati.

"Umeona?" Bonifas alisema.

Selestina aligeuza gari ili washuke tena, kwa raha tu, apande mara ya pili. Wakashuka kwa kasi asiyoizoea, na nusu ya mteremko harufu ya kuungua ikajaa ndani. Pedali ilianza kulegea chini ya mguu wake. Alirudisha gia ya pili, injini ikanguruma, gari likapungua, likasimama kwenye changarawe pembeni. Magurudumu yalikuwa yanafuka moshi.

Bonifas alishuka, akanusa gurudumu la mbele, akarudi.

"Breki ni zilezile za zamani," Bonifas alisema mwishowe. "Ulitaka nguvu ya kwenda. Ya kusimama hukuitaja."

"Wewe ndiye fundi! Kwa nini hukusema?"

"Eh?"

"Nasema, kwa nini hukusema!"

"Za kisasa zinataka magurudumu mengine. Ungekubali nitoe vile vikombe vyako vya magurudumu vinavyong'aa?"

Asingekubali, na alijua, na kulijua hilo kulimuudhi kuliko moshi. Ikawa wiki tatu nyingine: lainingi mpya, mabomba mapya, na kopo la kusaidia breki lililofichwa ndani ya madigadi ya mbele, juu ya gurudumu, mahali ambapo hata mwizi asingeangalia. Bonifas akamwapisha ashuke milima kwa gia nzito. Akaapa.

Hivyo Oktoba ikafika, na gari lilikuwa tayari siku nne kabla ya harusi ya Vaileth. Selestina alilipiga polishi. Alifua glovu. Asubuhi ya Jumamosi aliwasili Tindiga mapema, akaegesha mbele ya nyumba ya Timotheo, akashuka, akasimama kando ya mlango wa nyuma.

Timotheo alitoka. Alikuwa amevaa suti, na safari hii miguu yote miwili ilikuwa na viatu. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyetumwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Bibi harusi yu tayari?"

"Mama, karibu kwanza unywe chai."

"Nitakunywa baadaye. Kuna nini?"

Timotheo alivuta pumzi. "Vaileth kakataa. Wenzake wamemwonyesha ile video ya vitunguu. Tangu jana analia. Bwana harusi kaleta gari jingine, Alphard nyeupe. Nimemwambia gari limetengenezwa, injini ni ile yangu ya kichuguuni, naijua mimi mwenyewe. Kachungulia dirishani sasa hivi, akasema, 'Baba, si lilelile?'"

Selestina aliangalia dirishani. Pazia lilitikisika. Kisha alilitazama gari lake: taa zilezile, grili ileile, rangi ileile, boneti lililonyooka. Miezi kumi na minne alikuwa amepigana na kila fundi, kila ofisi, ili mtu akilitazama asione tofauti. Na hakuna aliyeiona.

Alitaka kwenda kugonga dirisha. Alitaka kumfungulia binti yule boneti amwonyeshe kabureta ya midomo miwili, na wavu wa safu nne, na geji ndani ya kisanduku. Lakini alikuwa ameshakaa na wasichana wengi katika saa zao ngumu, na alijua kwamba msichana anayelia siku ya harusi yake hafunguliwi boneti.

"Mwambie asilie, macho yatavimba," alisema. "Mimi nimekuja kufanya kazi. Kuna nini cha kubeba?"

Palikuwa na masufuria. Pijo la Mama Mkunga liliingizwa mwisho wa msafara likiwa na masufuria manne makubwa, mwiko, ndoo mbili za mchele uliopembuliwa, na shangazi mmoja aitwaye Naomi, mwanamke mnene mwenye kilemba cha zambarau, aliyepangwa humo kulinda vyombo. Selestina alivua glovu akaziweka juu ya dashibodi. Mwendo wote hadi Kilosa, na kutoka Kilosa kupita kijiji cha Ulaya, alikula vumbi la Alphard. Gari halikuchemsha. Hakuna aliyegeuka nyuma kuangalia kama limechemsha.

Harusi ilikuwa nzuri, mchungaji hakurefusha. Vaileth alimwona Selestina pale ukumbini, akapiga goti kidogo, akasema "Asante mama kwa kutuletea vyombo," na alisema kwa moyo safi kiasi kwamba Selestina alishindwa hata kumkasirikia.

Saa kumi jioni masufuria yalirudishwa kwenye gari, yakiwa matupu na yanagongana. Naomi akajipakia mbele. Walipotoka Mikumi, mbele yao palikuwa na lori la mbao likipanda kilima taratibu, moshi mweusi nyuma, na nyuma ya lori foleni ya magari matano, yote yakisitasita. Barabara mbele ilikuwa wazi hadi juu. Selestina alikuwa na hasira za siku nzima. Alirudisha gia ya tatu, akatoka upande, akakanyaga.

Pijo liliruka. Masufuria yalijirundika kiti cha nyuma kwa kishindo. Walilipita gari la kwanza, la pili, yote matano, wakalipita lori, dereva wake akitoa kichwa dirishani mdomo wazi, wakarudi upande wao juu ya kilima wakiwa peke yao. Naomi alikuwa ameshika kilemba kwa mikono miwili.

"Yesu wangu! Mama Mkunga! Hili gari lina nini humo ndani?"

Selestina alimgeukia. Mwaka mzima na zaidi alikuwa akisubiri mtu aulize.

"Fungua hicho kisanduku mbele yako," alisema. "Unaona hiyo geji? Sasa ngoja nikueleze. Injini ya Pijo, dada yangu, hulala upande…"

Alieleza kuhusu boneti. Alieleza kuhusu sahani ya Toyota, na kuku wa Dumila, na hedi iliyorudi ya gari jingine, na kwa nini kabureta ya midomo miwili hula mafuta zaidi ukiikanyaga lakini si ukienda taratibu. Alipofika kwenye breki, sauti yake ilipanda, maana hapo bado palimuuma. Walikuwa wanaikaribia Ulaya. Alisubiri Naomi ashike mdomo, au atikise kichwa, au aseme lolote.

Aligeuka kumtazama. Shangazi alikuwa amelala fofofo, kilemba kimeteleza usoni, kifuniko cha sufuria kimekaa mapajani.

Selestina alifunga kisanduku cha geji kwa mkono wa kushoto, akaendelea kuendesha. Baada ya kilomita moja hivi, akaanza tena kueleza, kwa sauti ya chini, kuanzia kwenye breki.